Unga Tunaokula: Ukiwa na Sumu, Nani Anajibu?



Katika misa ya Jumapili hii, ya 25 ya Mwaka C, tumemsikia nabii Amosi, mlango wa 8, akiwakemea wafanyabiashara wa siku zake. Walikuwa wakingoja sikukuu iishe upesi ili wafungue ghala, wapunguze kipimo, waharibu mizani, na mwishowe wauze hata takataka ya nafaka kama nafaka yenyewe. Padri ameeleza neno la mizani, na kila mtu anayenunua unga sokoni Kenya amelielewa bila kuambiwa mara mbili. Meka iliyogongwa chini mpaka ikabonyea ndani, tunaijua sote. Lakini mama mmoja alibaki mlangoni pa kanisa akauliza: "Na ile takataka, Padri? Mbona hukuisemea?" Karatasi hii inajaribu kumjibu.

Nianze na jambo la nyumbani kwangu. Mwezi wa pili mwaka huu, mvua ikiwa kali, tulinunua mfuko wa unga wa kilo 25 katika depo moja ya mtaani. Mfuko ulikuwa umeshonwa vizuri na unga ulikuwa mweupe. Bukari ya siku ya kwanza ikaacha uchungu kidogo kwenye ulimi. Mama watoto akasema labda ni sufuria. Siku ya pili akasonga katika sufuria nyingine, uchungu uleule. Tulipoingiza mkono mpaka katikati ya mfuko tukakuta madonge magumu kama udongo wa kichuguu, na harufu ya nguo iliyolala na maji. Jirani yetu, mwanamke mwenye huruma, akatupa shauri ambalo nyumba nyingi za Lubumbashi zinalijua: "Muchanganye na unga mwingine, nusu kwa nusu, uchungu utaisha."

Uchungu ungeisha kweli. Shida iko hapo.

Nilibeba mfuko kwa baiskeli nikarudi depo. Kijana wa pale hakunitukana. Alisema tu: "Baba, mfuko ukishafunguliwa hauko tena wangu." Akaniuliza karatasi ya malipo. Sikuwa nayo. Akauliza kama naweza kuhakikisha mfuko ulitoka kwake. Sikuweza. Nikarudi na mzigo wangu, na njiani nikafikiri: mfuko hauwezi kuonwa ndani mpaka ufunguliwe, na ukifunguliwa hasara ni yangu. Basi ni lini mnunuzi anaweza kusema neno?

Sasa tueleze hiyo takataka ni nini. Mahindi na karanga vikikaa na unyevu, vinaota ukungu. Kuna aina nyingi za ukungu, na nyingi zinaharibu ladha tu. Lakini kuna jamii moja, rangi yake ya kijani iliyochanganyika na manjano, ambayo wataalamu wanaiita Aspergillus flavus. Hiyo inatoa sumu inayoitwa aflatoksini. Ndugu zetu wa Tanzania wameipa jina zuri la Kiswahili, sumukuvu, na mimi nitatumia hilo. Dunia iliijua sumu hii mwaka 1960 kule Uingereza, wakati batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa kwa muda mfupi. Walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili.

Mambo matatu juu ya sumukuvu yanafaa kushikwa vizuri, kwa sababu mazoea yetu ya jikoni yanakwenda kinyume nayo. La kwanza, ule uchungu na ile harufu ni vya ukungu. Sumu yenyewe haina ladha, haina rangi, haina harufu. Unga unaweza kuwa mweupe kama pamba na sumu imo. La pili, moto wa bukari hauiui. Maji yanachemka kwenye digri 100, na sumukuvu inavumilia joto la zaidi ya digri 200. Hata kuoka na kukaanga hakuimalizi. La tatu, kuchanganya na unga mzuri hakuiondoi. Kunaieneza tu: mfuko mmoja mbaya unakuwa miwili ya shaka.

Inaua namna mbili. Mtu akila nyingi kwa siku chache, ini linaharibika ghafula: macho yanakuwa ya manjano, tumbo linauma na kuvimba, anatapika, wengine wanatoka damu, na wengi hawaponi. Akila kidogo kidogo kwa miaka, hasikii kitu. Lakini sumukuvu imewekwa na shirika la Umoja wa Mataifa la uchunguzi wa kansa katika kundi la kwanza, yaani vitu ambavyo hakuna shaka tena kwamba vinaleta kansa kwa mwanadamu. Hii ni kansa ya ini. Na kwa mtu aliye na homa ya ini ya aina B hatari inaongezeka mara nyingi, kwa maana maadui wawili wanapiga ini lilelile. Kwa watoto kuna jambo jingine tena. Wachunguzi waliopima watoto wadogo wa Benin na Togo mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliona kwamba wale waliodumaa walikuwa na sumukuvu zaidi katika damu kuliko wenzao. Mama anayempikia mtoto uji wa masoso, au uji wa mahindi na karanga, anafikiri anamjenga. Na anamjenga, mradi nafaka ni safi.

Je, haya ni maneno ya vitabu tu? Hapana. Mwaka 2004 huko Kenya, katika wilaya za Makueni, Kitui na majirani zake, mvua ilikuwa mbaya na njaa ilikuwa karibu. Watu walivuna mahindi yakiwa bado na maji, wengine kwa kuogopa wezi, wakayaweka ndani ya nyumba yakiwa mabichi. Wagonjwa 317 waliandikwa, na 125 kati yao walikufa. Wachunguzi wakapita masokoni, masoko 65, wakachukua sampuli 350 za mahindi na unga. Zaidi ya nusu zilikuwa zimepita kipimo kilichoruhusiwa na sheria ya Kenya wakati ule. Angalieni vizuri: masokoni. Mahindi ya mkulima aliyeogopa wezi yalikuwa yameshafika kwa mtu wa mji ambaye hajui shamba hata moja. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Tanzania, mikoa ya Dodoma na Manyara, wagonjwa 68, vifo 20.

Na mwaka 2024 ilifika mlangoni petu. Zambia ilipata ukame mkali, na tarehe 29 mwezi wa pili 2024 Rais Hichilema aliutangaza kuwa msiba wa taifa. Mahindi yanayoteswa na jua shambani ndiyo yanayopendwa na ukungu huu. Mwezi wa nane mbwa walianza kufa, zaidi ya 400. Serikali ya Zambia ilipopima unga wa viwanda 25 vya kusaga, karibu nusu ya sampuli zilikuwa na sumukuvu ya kutisha. Waziri wao wa afya, Elijah Muchima, alitoka mbele ya watu akasema wazi, na unga ukaondolewa madukani. Hilo nalisifu. Si kila serikali inaweza kusema jambo la namna hiyo katikati ya njaa.

Lakini sisi wa Lubumbashi tufikiri mara mbili. Wazee wa Gécamines wanakumbuka posho, foleni na mifuko, na tangu zamani unga mwingi wa mji huu unapita Kasumbalesa. Tukikosa unga wa Zambia wiki mbili, bei inapanda mpaka watu wanagombana sokoni. Mimi sijaandika hapa kwamba unga wa Zambia ni mbaya. Wakulima wetu wa Kasenga na Sakania nao wanaweza kuweka mahindi vibaya, na ukungu hauna pasiporti. Nauliza tu: mbwa walipokufa ng'ambo, ni nani upande huu aliyepita masokoni kwetu na kutuambia mifuko gani tuiache? Katika mtaa wangu tulipata habari kwa simu za ndugu walioko Copperbelt.

Kazi ya kupima iko na mwenyewe. Tangu tarehe 10 mwezi wa kwanza 1974 nchi yetu ina Office Congolais de Contrôle, OCC, ambayo inapaswa kuchunguza ubora wa bidhaa zinazoingia nchini na zinazotengenezwa hapa. Iko mpakani, iko hapa mjini. Na kazi yake hatuwezi kuifanya sisi kwa macho. Katika nchi za Afrika Mashariki, kipimo cha juu kabisa kinachoruhusiwa ni mikrogramu 10 za sumukuvu katika kilo moja ya mahindi. Katika mfuko mzima wa kilo 25, hiyo ni robo ya miligramu, uzito wa chembe chache tu za chumvi ya mezani. Hakuna mama, hata awe na uzoefu wa miaka 40, anayeweza kuziona chembe hizo kwa kuchekecha. Ndiyo maana anayesema "mnunuzi aangalie mwenyewe" anatudanganya. Kuna vitu mnunuzi anaangalia: tarehe, mshono wa mfuko, wadudu, harufu. Kuna vitu vinavyoangaliwa na chombo cha maabara tu, na kwa hivyo sisi wananchi tunalipa kodi na taksi ili mtu mwingine aviangalie kwa niaba yetu.

Tena kuna mianya. Kamyo inayopita kwenye forodha inaweza kupimwa. Mfuko unaovushwa usiku kwa njia za porini haupimwi na mtu. Unga uliopimwa vizuri mpakani unaweza kulala siku nyingi chini ya bashi inayovuja, au katika depo isiyo na mbao chini, sakafu ikitoa maji. Na kuna ule mchezo wa kuhamisha unga katika mfuko mpya wenye jina jingine. Karatasi ya mpakani haisemi kitu juu ya mambo yaliyotokea baadaye.

Wazo kwamba mnunuzi ana haki lina umri wake. Tarehe 15 mwezi wa tatu 1962, Rais Kennedy wa Marekani aliliambia bunge lake kwamba mnunuzi ana haki ya usalama, ya kupewa habari, ya kuchagua na ya kusikilizwa. Mwaka 1985 Umoja wa Mataifa ulitoa miongozo ya kuwalinda wanunuzi katika nchi zote, na tarehe 15 mwezi wa tatu ndiyo siku yao duniani. Kwetu inapita kimya. Kati ya hizo nne, ninayoitilia nguvu ni ya mwisho, ya kusikilizwa, kwa sababu ndiyo tunayoweza kuianza bila kungoja mtu.

Nieleze namna gani. Nilipokwenda depo peke yangu nilikuwa mtu mwenye kelele tu. Baadaye, katika mkutano wa shirika letu, nilipoeleza habari ya mfuko, familia mbili zikasema: "Hata sisi." Mmoja alikuwa bado na mfuko wake mtupu, alikuwa ameukata kufanya pazia la choo. Tukasoma nambari ya kundi iliyopigwa chini ya jina, pamoja na tarehe ya kusagwa. Wangu nilikuwa nao. Nambari ilikuwa moja. Hapo nilielewa kitu ambacho kijana wa depo alikuwa amenifundisha bila kutaka: ushahidi uko kwenye mfuko na kwenye karatasi ya malipo, na sisi tunavitupa vyote viwili siku ya kwanza.

Kwa hiyo, mukinunua mfuko, muombe karatasi ya malipo hata kama ni kipande cha daftari chenye tarehe, bei na saini. Wengine watacheka. Muombe tena. Muweke mfuko mpaka unga uishe. Mukiona madonge, ukungu au harufu, muache kula, na muchote unga kidogo kidogo kutoka sehemu mbalimbali za mfuko, kama kilo moja, muufunge katika karatasi kavu, si katika mfuko wa plastiki unaotoa jasho. Kisha muulize majirani. Nyumba tano zenye nambari moja ya kundi zikiandika barua moja, mkubwa wa ofisi hawezi kusema ni sufuria ya mama fulani. Barua iende OCC, nakala katika ofisi ya zoni ya afya na nyingine kwa idara ya uchumi ya mkoa. Muombe muhuri wa kupokea kwenye nakala yenu, kwa sababu barua isiyo na muhuri inasahaulika upesi.

Neno juu ya wauzaji. Mama anayeuza kwa meka pembeni ya barabara amefungua mfuko kama mimi nilivyofungua, na hasara yake ni kubwa kuliko yangu, kwa maana pesa ile ni mtaji wake wote. Kumtukana ni kumpiga aliye karibu kwa sababu aliye mbali hafikiki. Afadhali tumwombe aweke mfuko wazi karibu na beseni, ili mnunuzi aone jina na tarehe. Wapo wanaofanya hivyo tayari pale soko Mzee Kabila, na wateja wao wanarudi. Mwenye depo ni habari nyingine: yeye anaweza kupanga mifuko juu ya mbao, mbali na ukuta, na anaweza kumrudishia mzigo aliyemuuzia. Akichanganya mbaya na nzuri huku akijua, hapo Amosi anamhusu moja kwa moja.

Kwa wale wanaonunua mahindi ya punje na kupeleka mashinini, kuna nafasi kubwa zaidi ya kujilinda, kwa kuwa punje inaonekana na unga umeficha kila kitu. Muchague punje kwa mkono: zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zilizobadilika rangi, zitoke. Sehemu kubwa ya sumu hukaa katika punje chache mbovu, kwa hiyo saa moja ya kuchambua inapunguza sana. Kukoboa kabla ya kusaga kunapunguza pia, maana sumu inapenda ganda na kiini. Karanga ni vilevile: zile zilizosinyaa na nyeusi zisiingie katika kinu. Na muwe na shaka na karanga zilizosagwa tayari, sababu mara nyingi mbovu ndizo zinazosagwa.

Kujua kama mahindi yamekauka hakuhitaji mashini. Muchukue chupa ya kioo iliyokauka kabisa, mutie punje mpaka robo, na chumvi kavu vijiko viwili au vitatu. Muifunge, muitikise dakika chache, kisha muiache itulie robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana maji mengi, yasiwekwe. Ikianguka chini yote, yanaweza kuwekwa. Tuko mwisho wa kiangazi. Mvua za mwezi wa kumi na moja haziko mbali, na mahindi yaliyo ndani leo ndiyo yatakayokutana nazo. Muyatandaze juani juu ya shiti au mkeka, si juu ya udongo mtupu. Mifuko isilale sakafuni.

Juu ya homa ya ini ya aina B: chanjo yake imo ndani ya ile sindano wanayopewa watoto wachanga wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Ni bure. Mtoto asikose hata moja.

Watu wananiuliza tuliufanyia nini mfuko wetu. Wengine walisema tuwape kuku. Lakini kuku anakufa kwa sumu hii kama batamzinga wa Uingereza, na ng'ombe akiila inatoka katika maziwa. Wengine walisema tuuze kwa wanaopika lutuku. Tulichimba shimo nyuma ya nyumba. Ilikuwa pesa ya kula ya siku nyingi, na mama watoto alisimama pale na kitambaa mdomoni, bila kusema neno, mpaka nikamaliza kufukia. Wiki ile tulikula viazi vitamu. Barua yetu ya nyumba tatu ilipigwa muhuri mwezi wa tatu, na bado tunafuatilia jibu. Kila baada ya wiki mbili mmoja wetu anapita ofisini kuuliza, kwa upole, akiwa na nakala mkononi.

Jumapili ijayo, katika kipindi cha asubuhi na katika karatasi hii, tutazungumza juu ya dawa za uongo. Tutaanza na habari ya Ituri, ambako tangu mwisho wa 2014 mamia ya watu walipindika shingo na ulimi, wakatibiwa kama wagonjwa wa utando wa ubongo, mpaka ilipojulikana kwamba vidonge vilivyoandikwa diazepam vilikuwa na dawa nyingine kabisa ndani. Mwenye kopo la dawa lenye maandishi ya kutilia shaka alilete parokiani kabla ya Alhamisi. Asilitupe, na asikwangue karatasi yake.